SOMO LA MWEZI: CHUPA YA POMBE YA NYUMBANI



Sisi wa Gisenyi twaijua chupa kuliko watu wengi. Kiwanda cha bia cha Bralirwa kilijengwa hapa mwaka 1957, na kuanzia 1963, kwa miaka mingi, kilipata joto lake kwa gesi iliyotolewa chini ya Ziwa Kivu, pale Rubona. Lakini jioni tukifika nyumbani urwagwa wetu wa ndizi twautia katika chupa yoyote iliyookotwa, tumeisuuza mara moja tu. Halafu pombe ikichacha siku ya pili twasema ndizi zilikuwa mbaya!

Kiwandani chupa inayorudi kutoka baa huloweshwa katika maji ya moto yenye kostiki, joto likipandishwa polepole hata karibu nyuzi 80, kisha hupoozwa polepole vilevile, maana kioo hupasuka kikipata joto la ghafla. Baadaye hukaguliwa. Yenye ufa au harufu ya mafuta ya taa huwekwa kando. Hapo pana kazi mbili: kwanza kuondoa uchafu, pili kuua vijidudu. Anayefanya ya pili bila ya kwanza anapoteza dawa yake bure, kwa kuwa vijidudu hujificha chini ya utando.

Kostiki msiilete nyumbani. Inakula ngozi na inapofusha macho, na mtoto haijui. Kazini tudai glavu na miwani, na tukumbuke kuitia kostiki ndani ya maji, kamwe si maji juu ya kostiki. Ikikurukia, mwaga maji safi mahali hapo dakika 20 bila kuacha, kisha nenda kwa mganga.

Nyumbani fanyeni hivi. Chupa ikishanywewa isuuzwe papo hapo, kabla masimbi hayajakauka. Iliyokauka iloweshwe usiku kucha kwa maji ya sabuni, isuguliwe kwa brashi ndefu. Asiye na brashi atie mchele mbichi kiganja kimoja na maji kidogo, atikise kwa nguvu. Kokoto nazo husugua, ila huacha mikwaruzo, na uchafu hupenda kukaa humo. Inueni chupa mwangani: ukiona ukungu, rudia.

Kisha kuua vijidudu. Walio na kuni za kutosha wapange chupa katika sufuria ya maji ya baridi, kitambaa chini, wachemshe dakika 10, waache zipoe humo humo. Wengine watumie maji ya javeli ya kawaida, yasiyo na manukato: kijiko kimoja cha mezani kwa lita 4 za maji safi ya baridi, yaani vijiko 5 kwa jerikani ya lita 20. Chupa ijae, ikae dakika 10, isuuzwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Maji ya ziwa mabichi yanarudisha kile ulichokiua. Sisi hatujasahau kipindupindu cha Goma cha mwaka 1994. Javeli isichanganywe na siki, ndimu wala dawa nyingine ya kusafishia, hutoa hewa ya sumu. Vizibo navyo vioshwe. Na urwagwa unaotoa povu bado usizibwe kwa nguvu, chupa italipuka mkononi.

Sasa neno zito, hasa kwa ndugu wa mashambani. Chupa iliyowahi kutiwa dawa ya wadudu haisafishiki. Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi sumu. Mwenzetu mmoja wa shamba la kahawa aliipata chupa nzuri ya kioo kwenye stoo, akaiosha kwa sabuni mara tatu, akatia pombe. Alitapika, akatoka jasho, macho yakafifia, akalazwa siku nne. Kwa bahati alikunywa peke yake. Msimamizi alisema ni ulevi tu.

Chupa ile haikuwa na karatasi ya jina, na stoo ilikuwa wazi. Kwa hiyo katika mkutano wa tawi tunataka kila shamba lijibu maswali mawili: nani anazihesabu chupa tupu za dawa, na zinafungiwa wapi? Wawakilishi waje na jibu la shamba lao.