MAMA ALIYEKOMA HEDHI NA MOYO WAKE



Leo tuzungumze jambo ambalo akina mama wengi huona haya kulitaja. Ni habari ya kukoma hedhi, na jinsi inavyohusu moyo. Wewe baba, usiweke gazeti chini. Habari hii ni ya mkeo na ya mama yako.

Wanawake wengi hukoma hedhi wakiwa na umri wa kati ya miaka 45 na 55. Mama wa umri huo akimaliza mwaka mzima bila kuiona, tunasema amekoma. Huo si ugonjwa. Lakini kuna jambo linalobadilika ndani ya mwili.

Mwanamke ana vifuko viwili vya mayai. Tangu anapovunja ungo, vifuko hivyo hutengeneza homoni iitwayo estrojeni. Wengi wetu tunajua kazi yake katika uzazi. Lakini estrojeni husafiri katika damu na kusaidia mishipa pia. Huifanya ngozi ya ndani ya mshipa itoe gesi kidogo sana, na gesi hiyo huulegeza mshipa. Hapo mshipa hupanuka damu inapopita kwa wingi, kama vile unapolima au kupanda mlima. Tena estrojeni husaidia kupunguza mafuta mabaya katika damu, yale yanayoganda kwenye kuta za mishipa.

Sasa fikiri mpira wa ndani wa baiskeli. Ukiwa mpya, unavutika. Ukizeeka, unakuwa mgumu. Mishipa yetu nayo hukakamaa kwa uzee, ya wanaume na ya wanawake. Lakini mama akikoma hedhi, estrojeni yake hupungua sana. Basi mambo mawili humjia pamoja: uzee wa mishipa, na kuondokewa na msaada ule. Moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi. Ujanani wanaume ndio wenye presha kwa wingi kuliko wanawake. Wakishazeeka, wanawake huwafikia, hata kuwapita.

Ubaya wa presha ni kwamba mara nyingi haiumi. Mama mmoja alikuja zahanati akisema mgongo na taya vinamuuma, na pumzi inamwishia akichota maji. Alidhani ni uchovu wa jembe. Jirani zake walisema ni uzee tu. Nilipompima, presha ilikuwa 180 juu na 110 chini. Tulimpeleka hospitali siku ile ile. Moyo wake ulikuwa unakosa damu.

Kumbuka mama huyo. Mtu mwenye shida ya moyo mara nyingi huumwa kifua. Lakini mwanamke huweza pia kuumwa taya, mgongo au mkono, au kupata kichefuchefu, jasho la baridi, au uchovu usio wa kawaida. Mambo hayo yakija kwa ghafla, usingoje kesho.

Hata kama huumwi, nenda ukapimwe presha. Ikipimwa zaidi ya mara moja na kuwa 140 kwa 90 au zaidi, iko juu. Ukipewa dawa, zimeze kila siku. Wengi huacha wakijisikia vizuri, kumbe dawa ndizo zilizowapa nafuu. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa mtu mmoja, pamoja na ile iliyomo katika samaki wa chumvi. Tumbaku iache kabisa.

Huenda ukauliza: kwa nini tusimeze vidonge vya estrojeni? Jambo hilo lilichunguzwa Marekani kwa wanawake zaidi ya 16,000 waliokoma hedhi. Nusu hivi walipewa estrojeni pamoja na homoni nyingine. Mwaka 2002 madaktari walisimamisha uchunguzi huo mapema. Waliomeza vidonge walipata kiharusi na saratani ya matiti zaidi kuliko wenzao. Daktari anaweza kumpa mama homoni kwa shida nyingine, kama joto kali la mwili. Usijinunulie dukani ili kulinda moyo.

Jambo moja zaidi. Mama aliyekoma hedhi kabla ya miaka 40, au aliyeondolewa vifuko vya mayai kwa upasuaji, hukosa msaada wa estrojeni mapema. Huyo apimwe mapema. Najua akina mama wa umri wa mama yangu huona haya kunieleza mambo haya, kwa kuwa mimi ni kijana. Nitajie tu mwaka ulipokoma hedhi. Nitauandika kwenye kadi yako, kisha tutapima presha.