Elimu Kabla ya Risasi: Somo la Kuwinda Kulungu katika Milima ya Ugenini

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyetuhalalishia vilivyo vizuri. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu mwanafunzi, katika masomo ya fiqhi mlango wa uwindaji mara nyingi hupitwa upesi, kwa sababu wengi wetu nyama tunainunua buchani. Lakini wapo ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili, waliotoka Kongo, Burundi, Kenya, Tanzania na Somalia, ambao leo wanaishi katika majimbo ya milimani ya Marekani kama vile Colorado, Utah na Idaho. Huko kuwinda ni jambo la kawaida, na mnyama mmoja anaweza kulisha familia kwa muda mrefu. Anayetaka kuwinda huko anakutana na mambo mawili ya kujifunza kwa pamoja: nchi asiyoijua, na sheria ya dini anayopaswa kuijua. Katika somo hili tutaonyesha kuwa mambo hayo mawili hayatengani. Nyama kuwa halali au kutokuwa halali huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla kidole hakijagusa kifyatulio.

1. Mnyama mwenyewe

Mnyama tunayemzungumzia ni kulungu wa magharibi ya Amerika Kaskazini. Wataalamu humwita Odocoileus hemionus, na watu wa huko humpa jina la baghala, yule mtoto wa punda na farasi, kwa sababu ya masikio yake makubwa. Basi nasi tumwite kulungu-baghala. Si kulungu wa misitu ya kwetu. Swala na kulungu wa Afrika huota pembe moja kwa maisha yao yote, ama huyu dume lake huangusha pembe kila mwaka majira ya baridi na kuota nyingine. Pembe hizo hugawika mara mbili, kisha kila tawi hugawika tena.

Dume aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 55 hadi 150. Mkia wake ni mwembamba na mweupe wenye ncha nyeusi. Anaposhtuka haendi mbio kama mbuzi, bali huruka kwa miguu yote minne pamoja, na kwa mruko huo hupanda mteremko mkali kwa urahisi. Ni mnyama mwenye kwato zilizopasuka, anayecheua, na anakula majani na vichaka. Kwa hiyo hana shaka yoyote katika uhalali wa asili yake.

Jambo kubwa la kujua ni kwamba kulungu huyu huhama. Kiangazi hukaa juu milimani. Theluji ikizidi huteremka mabondeni kwenye vichaka. Mwaka 2014 watafiti wa jimbo la Wyoming walitangaza njia ya uhamaji yenye urefu wa kilomita zipatazo 240, kutoka Red Desert hadi Hoback. Kwa hiyo mgeni anayeambiwa kuwa mlima fulani una kulungu wengi, aulize kwanza: ni katika mwezi gani?

2. Sheria ya nchi

Haijuzu kwa Muislamu kuvunja ahadi aliyoingia na nchi anayoishi. Isitoshe, sheria za uwindaji zimewekwa ili wanyama wasiishe. Tukumbuke kuwa hata Allah (S.W.) katika Surat al-Maida amemkataza aliyehirimia kuwinda wanyama wa nchi kavu. Basi si jambo geni katika dini kwamba kitu cha halali kinaweza kuwa na wakati wake na mahali pake.

Tuchukue mfano wa Colorado, ambako mamlaka yake ni Colorado Parks and Wildlife:

(a) Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baada yake hapati leseni mpaka asome somo la usalama wa uwindaji.

(b) Leseni za kulungu zina idadi maalumu na hutolewa kwa kura, ambayo maombi yake kwa kawaida hufungwa mapema mwezi wa Aprili. Leseni hutaja eneo, msimu, jinsia ya mnyama na aina ya silaha.

(c) Mwenye bunduki huvaa nguo ya rangi ya machungwa au waridi inayong'aa, isiyopungua inchi za mraba 500, pamoja na kofia ya rangi hiyo, ili asidhaniwe kuwa mnyama.

(d) Kuwinda huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na huisha nusu saa baada ya kuzama. Hapa pana faida kwetu: Alfajiri huingia mapema zaidi ya hapo. Hakuna mwindaji atakayesema kuwa windo lilimpitishia sala.

(e) Mashamba ya watu hayaingiwi kuwinda bila ya idhini ya mwenyewe, hata kama hakuweka kibao wala uzio. Mwenye elimu ya dini halioni hilo kuwa geni, kwani adabu ya kubisha hodi tumefundishwa tangu chuoni.

3. Kuisoma nchi

Mji wa Gunnison, katika bonde linalojulikana sana kwa kulungu hao, uko kiasi cha mita 2,350 juu ya usawa wa bahari, na milima inayouzunguka ni mirefu zaidi. Mtu aliyezoea Tanga au Mombasa akifika huko pumzi humkatika kabla ya miguu kuchoka. Dawa yake ni kufika siku chache kabla, kunywa maji mengi na kupanda taratibu. Mwezi wa Oktoba theluji inaweza kuanguka usiku mmoja na kufuta njia, kwa hiyo ramani, dira, nguo za joto na kiberiti ni vitu vya lazima. Na mtu wa nyumbani aachiwe habari: nakwenda bonde gani, nitarudi lini.

Kisha jifunze pande za mlima. Nchi ile iko mbali kaskazini mwa Ikweta, hivyo jua hupita upande wa kusini. Ubavu wa mlima unaoelekea kusini hupata jua, hukauka na huwa wazi wenye vichaka. Ubavu unaoelekea kaskazini huwa na kivuli, unyevu na misonobari mingi. Kulungu hula kwenye uwazi alfajiri na jioni, na mchana hulala kivulini. Hupenda kulala karibu na mgongo wa mlima, upepo ukimjia kwa nyuma na macho yake yakitazama bonde chini. Kwa namna hiyo nyuma analindwa na pua, na mbele analindwa na macho.

Mgeni hudhani kuwinda ni kutembea sana. Wazoefu wa milima ile hufanya kinyume chake. Hukaa mahali palipoinuka kabla hakujapambazuka, wakatazama kwa darubini ubavu wa pili, kipande kwa kipande, kwa saa nyingi. Hawatafuti mnyama mzima. Hutafuta sikio linalotikisika, mstari wa mgongo uliolala katikati ya miti iliyosimama, au weupe wa tako. Jicho litangulie, mguu ufuate.

4. Upepo

Mvuvi wa pwani anajua kuwa alfajiri upepo hutoka nchi kavu, na mchana hutoka baharini. Mlima nao una desturi kama hiyo. Usiku na asubuhi mapema hewa baridi ni nzito, hivyo huteremka mabondeni. Jua likishika, hewa hupata joto na kupanda. Kulungu akikuona huenda akasimama kukutazama, lakini akikunusa hangoji. Basi asubuhi mapema usimwendee ukitokea juu yake, na jua likishapanda usimwendee ukitokea chini yake. Anayelijua hili tu amepata nusu ya elimu ya mlima.

5. Risasi na hukumu zake

Hapa ndipo fiqhi na mlima vinapokutana. Maswahaba waliuliza maswali kama haya, na aliyejulikana zaidi kwa kuuliza ni Adiy bin Hatim (R.A.), aliyekuwa mwindaji. Katika majibu aliyopewa na Mtume (S.A.W.), kama yalivyopokewa na Bukhari na Muslim, tunapata misingi ifuatayo:

Kwanza, kutaja jina la Allah wakati wa kurusha. Wanazuoni wengi wameifanya kuwa sharti, na kwa Imamu Shafii ni sunna iliyokokotezwa. Asiiache mtu kwa kutegemea hitilafu.

Pili, silaha iue kwa kutoboa au kukata, si kwa uzito wa kupiga. Kwa ajili hiyo wanazuoni walihitilafiana kuhusu bunduki ilipokuja. Ash-Shawkani, aliyefariki mwaka 1834, alisema risasi inatoboa na kupenya, kwa hiyo windo lake ni halali, na wengi wa zama zetu wamefuata kauli hiyo. Wengine wametaka mnyama awahiwe akiwa hai na achinjwe. Anayetaka kutoka katika shaka ajitahidi kuwahi kuchinja.

Tatu, akikutwa na uhai uliothibiti ni wajibu kumchinja. Akifa kabla hujaweza kumfikia, bila ya uzembe wako, ni halali. Wala si lazima kukimbia: katika madhehebu ya Shafii kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa kutembea kunatosha. Hili lina hekima kubwa mahali ambapo kukimbia kunaweza kumvunja mtu mguu.

Nne, akianguka majini akafa haliwi, kwa sababu haijulikani kama aliuawa na mshale au na maji.

Tano, aliyeporomoka. Surat al-Maida, aya ya 3, imeharamisha mnyama aliyekufa kwa kuanguka kutoka juu. Wanazuoni wa Kishafii wamefafanua: mnyama akipigwa, akaangukia mlimani, kisha akaporomoka kutoka hapo na kufa, ni haramu, isipokuwa kama pigo la kwanza lilikwishamfikisha katika hali ya mnyama aliyechinjwa.

Tafakari suala hili la tano, ewe mwanafunzi. Dume kubwa limesimama ukingoni mwa genge, ubavu wazi, umbali mzuri. Mwindaji asiye na elimu anaona bahati. Mwenye elimu anaona mnyama anayeweza kuporomoka mita mia moja, akafika chini akiwa mzoga usiojulikana kilichomuua. Basi anateremsha bunduki na kusubiri asogee. Kilo zote hizo za nyama zimetegemea subira ya dakika chache.

Vivyo hivyo katika kulenga. Pahali pa kupiga ni nyuma ya bega, penye moyo na mapafu. Akipigwa tumboni huenda mbali akiteseka, na ukimfuata mara moja huzidi kwenda. Kwa hiyo kama ubavu haukuonekana wazi, au umbali unapita uliofanyia mazoezi, usipige. Na ukipiga kwenye mteremko mkali, hesabu umbali wa usawa, si wa mshazari, la sivyo risasi itapita juu. Baada ya kupiga, weka alama uliposimama na aliposimama, kisha fuata damu. Damu nyekundu yenye povu ni ya mapafu, naye hayuko mbali. Damu nyeusi iliyochanganyika na uchafu wa kijani ni ya tumbo.

Akipotea ukamkuta amekufa kesho yake, Mtume (S.A.W.) aliruhusu kula ikiwa hapana alama nyingine ila ya mshale wako. Katika madhehebu ya Shafii suala hili lina tahadhari na hitilafu, basi aliyefikwa nalo amuulize mwanachuoni.

6. Nyama ni amana

Akishakufa, kazi ndiyo kwanza inaanza. Funga kitambulisho cha leseni, pasua tumbo, toa matumbo na uchune ngozi mapema, kwa sababu joto la mwili huharibu nyama hata kukiwa na baridi. Gawa mapaja, mabega na minofu ya mgongoni, tia katika vifuko vya kitambaa vinavyopitisha hewa, tundika kivulini. Kubeba ni safari kadhaa. Asiyeweza kubeba asipige mnyama kwenye korongo la mbali.

Pia kuna ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, uliotambuliwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967. Mpaka leo haijathibitika kuwa umempata binadamu, lakini wataalamu wa afya wanashauri nyama ya mnyama aliyeonekana kuwa nao isiliwe. Mnyama anaweza kuwa nao na bado akaonekana mzima, kwa hiyo peleka kichwa kipimwe, vaa glavu, na usikate ubongo wala uti wa mgongo. Allah ametuamrisha kilicho halali na kizuri kwa pamoja.

Mwisho, nia. Wapo wanaopanda milima ile kwa ajili ya pembe tu. Mtume (S.A.W.) amekataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya mchezo, na sheria ya Colorado nayo inamwadhibu anayechukua pembe na kuacha nyama ioze. Sisi tunawinda ili tule, tulishe, na tumpelekee jirani fungu lake.

Mwanafunzi uliye nyumbani, ambaye huenda hutamwona kulungu-baghala maisha yako yote, nawe una fungu katika somo hili. Kila jambo la ugenini, iwe ni shule mpya, kazi mpya au mji mpya, lina upepo wake, sheria zake na magenge yake. Uliza, tazama, subiri, kisha tenda. Allah atujaalie elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Amin.

Maswali ya mazoezi

1. Kwa nini mwindaji haendi kwa mnyama akitokea juu asubuhi mapema?
2. Kulungu amepigwa, akaanguka mlimani, kisha akaporomoka bondeni na kufa. Eleza hukumu yake na sharti linaloibadilisha.
3. Taja mambo matatu yanayoamua uhalali au uzuri wa nyama kabla ya risasi kutoka.
4. Waulize wazee wako: ni mnyama gani aliwindwa katika eneo lenu zamani, na waliwahije kumchinja?