SOMO LA URAIA: WATU WANABISHANA JUU YA NINI WAKATI WA KURA?



Kila mara kampanye ya uchaguzi inapoanza, ubishi unaanza vilevile. Watu wanabishana ku soko, wanabishana mbele ya kanisa kisha ibada, na hata katika internati, taa zikiisha kuzimwa, sauti zinasikilika kitanda kwa kitanda. Tumeona marafiki wawili wa darasa moja wakiacha kusalimiana juu ya kandida ambaye hawajamuona hata siku moja kwa macho. Kwa hiyo tunapashwa kuuliza: watu hao wanabishana juu ya nini kweli? Ni juu ya mutu tu, ao kuna mawazo ndani yake?

Tutachukua mufano mumoja, uchaguzi wa rais wa mwaka 2006 katika inchi yetu. Wengi kati yetu walikuwa hawajazaliwa. Ni vizuri hivyo, maana jambo ambalo joto lake limepoa linashikika kwa mukono.

Kwanza tuangalie nyuma. Wazee wetu walipiga kura ya rais mbele ya 2006, lakini hawakuwa na la kuchagua. Mwaka 1970 kulikuwa kandida mumoja tu, Mobutu, na chama kimoja tu, M.P.R. Mwenye kukubali alitia karatasi ya rangi ya majani, mwenye kukataa alitia karatasi nyekundu, na watu walikuwa pale wakitazama ni rangi gani unashika. Serkali ilitangaza zaidi ya milioni 10 za «ndiyo», na «hapana» 157. Inchi nzima, watu 157! Mwaka 1977 na 1984 mambo yakawa karibu sawasawa. Na mawazo ya chama? Chama kilianzishwa tarehe 20 Mei 1967 kwa Manifesti ya N'sele, na watu walifundishwa kwamba njia yake si ya kuume wala ya kushoto. Kama hakuna kuume wala kushoto, tutabishana juu ya nini? Ubishi haukufa kwa sababu hiyo. Ulihamia ndani ya nyumba, kwa sauti ndogo, na katika ile watu waliita «radio trottoir», ni kusema habari za kupashana njiani.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu akatangaza mwisho wa chama kimoja. Tangu siku zile, ku Kinshasa na ku miji mingine, watu walianza kukusanyika asubuhi mbele ya wauza magazeti, wanasoma vichwa vya habari bila kununua, kisha wanajadiliana mpaka jua kali. Waliitwa wabunge wa kusimama. Wengine waliwacheka kwamba hawana kazi. Sisi tunaona kwamba wale walikuwa wanasoma somo ambalo masomo yetu hayakuweza kufundisha wakati ule.

Tena tusisahau kwamba mwaka 1960 Kasa-Vubu alichaguliwa na Bunge, si na watu wote. Basi tarehe 30 Julai 2006 ilikuwa mara ya kwanza mwanainchi wa Congo kusimama peke yake katika biro ya kura, na wakandida wengi wa urais mbele yake, picha kwa picha. Wakandida walikuwa 33, na wanawake 4 kati yao. Walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 25. Kwa viti 500 vya wadepite, wakandida walipita 9.000, hata mu miji mikubwa karatasi ya wadepite ilikuwa pana sawa gazeti na yenye kurasa nyingi. Mama muzee asiyejua kusoma alipashwa kutafuta sura ya mutu wake kati ya mamia. Tusistaajabu basi kama wengi walichukua njia fupi, wakauliza: «Ule ni mutoto wa wapi?»

Na hapa ndipo ubishi ulikuwa mukali zaidi. Joseph Kabila alikuwa ameshika utawala tangu Januari 2001, kisha baba yake Laurent-Désiré Kabila kuuawa. Alikuwa amekulia Tanzania, na Kiswahili kilimwelekea kuliko Lingala. Jean-Pierre Bemba alitoka Équateur, akasema Lingala kama maji, na watu wake walimusifu kwa maneno «mwana Congo», mutoto wa inchi. Maana ya kufichwa ilikuwa wazi kwa kila mutu: ule mwingine si mutoto wa inchi. Ku Kinshasa ungesikia, «Rais asiyejua luga yetu atatuongoza je?» Ku Bukavu ao Goma jibu lilikuwa tayari: «Na ule wenu, vita ilipotukuta huku, alisemaka Lingala na nani?»

Tuchunguze ubishi huo kwa utaratibu. Konstitusio iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 72, inaomba kandida wa urais awe Mukongomani wa asili na awe na miaka 30 kwa uchache. Haiombi luga fulani. Na neno la asili linachunguzwa na tume ya uchaguzi, ambayo inapokea karatasi, na kukiwa ubishi mahakama inaamua. Jina la kandida likiisha kukubaliwa, mutu wa njiani hawezi tena kuhukumu asili yake kwa kupima pua ao kwa kusikiliza anavyotamka maneno. Hatusemi kwamba ni makosa kutaka kumuelewa mukubwa wako anaposema. Ni haki. Lakini kutoelewa luga ya mutu ni jambo moja, na kumunyima inchi yake ni jambo lingine, na wengi walichanganya hayo mawili. Mavuno yake yalikuwa mabaya: tarehe 20 Agosti matokeo yalitangazwa, na kwa siku tatu walinzi wa wakandida hao wawili walipigana kwa bunduki katikati ya Kinshasa. Watu wenyewe walikuwa wamepiga kura kwa utulivu. Ni watu wa silaha walioleta ubishi wao.

Sasa tuje ku mawazo. Neno «ideolojia» linaogopesha, lakini maana yake si ngumu: ni namna ambayo kundi la watu linafikiri juu ya inchi, nani apewe mali, nani aamue, nani asaidiwe wa kwanza. Watu wanasema mwaka 2006 hakukuwa ideolojia, kulikuwa majina tu. Ukisoma karatasi za kampanye, utaona kweli kwamba karibu wote waliahidi barabara, masomo, dawa na kazi. Nani atasimama aseme hataki barabara?

Lakini majina yenyewe yalikuwa yamebeba mawazo. Angalia orodha: Guy-Patrice, mutoto wa Lumumba. Justine, binti wa Kasa-Vubu. Nzanga, mutoto wa Mobutu. Joseph, mutoto wa Kabila. Na kati yao muzee Antoine Gizenga, karibu miaka 81, aliyekuwa yeye mwenyewe makamu wa Lumumba katika serkali ya 1960, na ambaye chama chake PALU kilianzishwa mwaka 1964. Ni sawa kama historia ya inchi ilisimama mustari mumoja kuomba kura! Na wachaguzi walifanya nini? Mutoto wa Lumumba na binti wa Kasa-Vubu hawakupata hata kura 1 katika 100. Gizenga, asiye na jina la baba mukubwa lakini aliyeshika mawazo yaleyale miaka 40, alikuwa wa tatu na 13,06 %. Jina la baba peke yake halikutosha.

Kabila alipata 44,81 %, Bemba 20,03 %. Hakuna aliyepita nusu, basi kura ya mara ya pili ikapangwa tarehe 29 Oktoba. Hapo tunafika ku jambo ambalo linatupendeza kuliko yote katika somo hili. Gizenga akafanya mapatano na Kabila, akawaomba watu wake wamuchague. Nzanga Mobutu akafanya vilevile. Kwa hesabu ya karatasi, Bandundu, jimbo la Gizenga, lingekwenda kwa Kabila. Halikwenda. Wengi wa Bandundu walimuchagua Bemba. Ku Équateur, Nzanga alikuwa amesema Kabila, na zaidi ya kura 9 katika kila 10 zilikwenda kwa Bemba.

Wengine wanaeleza hayo kwa neno moja: ukabila, watu wa mangaribi walifuata mutu wa mangaribi. Inawezekana kuna kweli ndani. Lakini Gizenga ni mutoto wa Bandundu kabisa, Bemba si wa pale. Kama ni ukabila tu, wangemusikiliza muzee wao. Sisi tunafikiri walikuwa na hesabu yao: waliona serkali ya Kinshasa ilikaa miaka na hawakupata kitu, wakataka kugeuza. Kiongozi wa chama alifikiri kwamba kura ni mali yake ya kupeleka sokoni. Mwenye kura akamukumbusha kwamba iko mufukoni mwake mwenyewe. Kabila alishinda kwa 58,05 %, Gizenga akawa Waziri wa kwanza mwisho wa mwaka ule, lakini jambo la Bandundu limebaki palepale.

Tugeuke upande wa mashariki. Ku Kivu zote mbili, Maniema na Katanga, kura zaidi ya 9 katika 10 zilikwenda kwa Kabila. Wenzetu wa mangaribi walisema: «Wamemuchagua juu ya Kiswahili.» Hata huku kwetu wako wanaosema hivyo na kujivuna. Lakini mwenye kuishi mashariki kati ya 1998 na 2003 anajua kwamba «amani» haikuwa neno zuri la bango. Ilikuwa mupango kamili: mama aende shambani na arudi, mutoto amalize mwaka wa masomo, barabara iwe bila vizuizi. Mutu aliyesema «njo ule alileta salama» alikuwa anatoa hoja ya siasa. Ilifaa kumujibu kwa hoja: je, amani hiyo imefika kweli ku kila kijiji? Je, ililetwa na mutu mumoja, ao na mapatano ambayo Kabila na Bemba waliyatia mukono pamoja, hata wakakaa katika serkali moja tangu 2003, mumoja rais na mwingine makamu wake? Maulizo hayo yangefungua macho. Kwa bahati mbaya wakandida wenyewe hawakukaa uso kwa uso kujadiliana mbele ya watu kama ilivyopangwa.

Kuna neno lingine ambalo lilipita bila ubishi wa kutosha, nalo linatuhusu. Konstitusio ileile, kifungu cha 43, inasema masomo ya musingi ni ya lazima na ya bure katika masomo ya serkali. Mwaka 2006 wazazi walikuwa wanalipa walimu kutoka mifuko yao, na masomo yetu ya makanisa, yaliyo chini ya mapatano ya 1977 na serkali, yalifanya hivyohivyo. Bure, lakini nani atalipa? Kwa kodi gani? Hapa ndipo ideolojia yenyewe inakaa, maana mumoja atasema serkali ibebe yote, mwingine atasema muzazi asaidie. Tulingoja mpaka Septemba 2019 kuona bure hiyo ikianza, na ubishi juu ya mishahara ya walimu wapya na darasa lenye watoto 100 ukaanza kisha, pahali pa kuanza mbele. Ungesikia watu wakibishana usiku kuzima juu ya babu wa kandida, na hakuna aliyeuliza mwalimu atakula nini.

Tunaongeza neno dogo juu ya uwezo wa rais, maana wabishi wengi wanamupa kazi asizo nazo. Waziri wa kwanza anatoka kwa wingi wa wadepite. Kwa hiyo mwenye kubishana mwezi muzima juu ya rais, kisha anachagua depite kwa sababu alimupa kitenge, amefanya nusu ya kazi.

Baki jambo moja. Januari 2011 kifungu cha 71 cha Konstitusio kiligeuzwa, kura ya rais ikawa ya mara moja tu: mwenye kura nyingi ameshinda, hata kama hakufika nusu. Waliotetea mabadiliko hayo walisema kura ya pili inakula feza nyingi, na kwamba ile ya 2006 iligawanya inchi vipande viwili. Waliokataa walisema kura ya pili inalazimisha mutu kwenda kuomba kwa watu wasio wake. Mwaka 2018 mushindi alitangazwa na 38,57 %, na ku Beni, Butembo na Yumbi kura ya rais haikupigwa, kwa sababu iliahirishwa mpaka mwezi wa Machi 2019, rais akiisha kuapa. Tarehe 30 Desemba 2018 watu wa Beni walipanga wenyewe biro zao, wakapiga mustari, wakatia karatasi zao ndani, wakijua kabisa kwamba hazitahesabiwa Kinshasa.

Kwa darasa la 5 na la 6, ulizo la kuzungumuza Ijumaa pamoja na mwalimu wa uraia: Je, kura ya mara mbili inaongeza ubishi, ao inautengeneza? Kila mutu alete sababu mbili, na asitaje jina la kandida hata mumoja.