Kabla Hujanunua Tairi la Pikipiki

Wengi wetu tukifika dukani Sumbawanga tunauliza kitu kimoja tu: "Bei gani?" Mengine yameandikwa ubavuni mwa tairi.

Kwanza, saizi. 3.00-17 ni upana wa inchi 3 kwa ringi ya inchi 17. Tyubu nayo iwe saizi hiyohiyo.

Pili, uzito. Ukiona 50P, 50 ni kilo 190, na P ni mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Sasa piga hesabu: dereva, abiria, gunia la mahindi, na pikipiki yenyewe. Sehemu kubwa inakaliwa na tairi la nyuma. Mishkaki ndiyo basi tena.

Tatu, umri. Tafuta tarakimu 4 za mwisho: 2321 ni wiki ya 23, mwaka 2021. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani.

Nne, njia. Lami ya kwenda Tunduma inataka meno madogo. Tope la Novemba hadi Aprili linataka meno makubwa. Ila hayo kwenye lami yenye maji huteleza, punguza mwendo.

Na wewe abiria, angalia tairi kabla hujapanda. Ukikuta kipara, tafuta boda nyingine.