Kufuga Samaki Nyumbani: Jinsi ya Kuchagua Pampu ya Tangi la Kwanza

Mwaka 2009 serikali ya kitaifa ilipoanzisha mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki katika maeneobunge 140, kila bwawa lilipangiwa mita mraba 300. Mkazi wa Kitengela mwenye ploti ya hamsini kwa mia hana nafasi hiyo. Anachoweza kuweka nyuma ya nyumba ni tangi la plastiki la lita 1,000 au 2,000. Tangi hilo linatosha kuanzia, ila lina sharti moja ambalo bwawa kubwa linaweza kulistahimili kwa muda: maji yake hayafai kusimama.

Wanaoanza wengi hununua tangi, vifaranga na chakula kwanza, kisha pampu yoyote itakayopatikana kwa pesa iliyobaki. Mpangilio huo ndio unaoua samaki. Pampu ndiyo ya kuchaguliwa kwanza.

Kwa nini maji yazunguke

Samaki hupumua oksijeni iliyomo ndani ya maji. Maji ya nyuzi joto 25 katika usawa wa bahari hushika miligramu 8 hivi za oksijeni kwa lita. Kitengela iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako kiasi hicho hushuka hadi karibu 7. Maji yakipata joto la mchana hushika kidogo zaidi, na yale yanayotoka moja kwa moja kwenye kisima kirefu huwa na oksijeni haba hata kabla ya samaki kuingia. Ngege, yaani tilapia, hukua vizuri oksijeni inapokuwa miligramu 5 au zaidi. Ikishuka chini ya 3, huacha kula na kudumaa.

Sababu ya pili ni uchafu. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwake. Bakteria wanaoishi kwenye kichujio huigeuza kuwa kitu kisicho na madhara makubwa, lakini nao wanahitaji oksijeni na maji yanayopita. Kaunti ya Kajiado ina samaki wa ajabu katika Ziwa Magadi anayestahimili maji ya moto yenye magadi makali na kutoa taka yake kama urea. Ngege wa kawaida hana uwezo huo.

Kusoma maandishi kwenye boksi

Mambo matatu yanatosha: lita kwa saa, kimo cha juu kabisa, na wati.

*Lita kwa saa.* Kwa anayeanza, maji yote ya tangi yapite kwenye kichujio mara moja kila saa. Tangi la lita 1,000 linahitaji lita 1,000 kwa saa.

*Kimo.* Hapa ndipo wengi hukosea. Lita zilizoandikwa kwenye boksi hupimwa pampu ikiwa haipandishi maji. Kadiri maji yanavyopandishwa, ndivyo yanavyopungua, na kwenye kimo cha juu kabisa hayatoki hata tone. Ikiwa mdomo wa bomba uko mita 1 juu ya uso wa maji, pampu ya lita 2,000 yenye kimo cha mita 2 itatoa takribani nusu, yaani lita 1,000. Kona za bomba hupunguza zaidi, kwa hivyo pampu ya lita 2,500 ni salama.

Njia rahisi ya kuhakikisha ni ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Ndoo ikijaa kwa sekunde 72 au chini ya hapo, pampu inatoa lita 1,000 kwa saa au zaidi.

*Wati.* Pampu hii haizimwi usiku wala mchana. Pampu ya wati 60 hula uniti 1.44 kwa siku, kama uniti 43 kwa mwezi. Anayetumia pampu ya kupandisha maji ya nyumba, yenye nguvu za nusu farasi au wati 370, atalipia uniti 266 hivi kwa mwezi. Mfugaji azidishe hesabu hiyo kwa bei ya uniti kwenye risiti yake ya tokeni kabla hajalipa dukani.

Pampu ya hewa si anasa

Pampu ya maji huzungusha, na pampu ya hewa huongeza pumzi. Hii ya pili hupuliza hewa kupitia mawe ya hewa yaliyowekwa chini ya tangi. Iwekwe juu kuliko uso wa maji, au mpira wake utiwe vali ya kuzuia maji kurudi, ili stima ikipotea maji yasiingie ndani ya mashine.

Stima ikipotea

Tangi lenye samaki wengi linaweza kuishiwa na oksijeni kwa muda mfupi sana. Dalili ni samaki kupanda juu na kuhema mdomo wazi. Betri ya volti 12 na ampea-saa 50, ikitumiwa hadi nusu tu ili isiharibike, huendesha pampu ya hewa ya wati 20 inayotumia betri kwa saa 15 hivi. Asiye na betri asilishe samaki, na achote maji kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu mara kwa mara. Stima ikirudi baada ya saa nyingi, maji yaliyolala ndani ya kichujio yamwagwe nje kwanza.

Mahali ambapo stima hukatika kila mara, kambare ni chaguo la busara. Anaweza kuvuta hewa juu ya maji, ingawa naye anahitaji maji safi.

Usalama

Waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili matone yasifuate waya hadi kwenye umeme. Plagi ichomolewe kabla ya mkono kuingia majini. Kazi ya kuweka soketi nje, pamoja na kikata umeme kinachojizima panapovuja, ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Watoto wasiachwe karibu na tangi.

Kabla ya kununua vifaranga

1. Pima kimo kutoka uso wa maji hadi mdomo wa bomba.
2. Chagua pampu kwa lita inazotoa kwenye kimo hicho.
3. Piga hesabu ya uniti kwa mwezi.
4. Nunua pampu ya hewa na betri yake.
5. Endesha mfumo wote bila samaki kwa siku kadhaa, na uzime stima makusudi usiku mmoja uone kitakachotokea.

Katiba ya 2010 iliweka uvuvi miongoni mwa majukumu ya kaunti. Mkazi anayepanga kuanza anaweza kumwona afisa wa uvuvi wa kaunti, akiwa na vipimo vya tangi lake, ili apate ushauri kabla ya kutumia pesa.