Krenki Kwanza, Konrodi Baadaye: Somo Nililolipata Ibra

Wenzangu wa uhandisi mtanisamehe kwa yale mnayoyajua. Wa fani nyengine msiruke ukurasa, maana hesabu zake ni za kuzidisha na kugawa tu. Na somo lenyewe nimelipata kwa aibu.

Likizo iliyopita nilikuwa Ibra, kwa ami yangu. Huko Sharqiya si ajabu kusikia Kiswahili dukani na gereji, kwani familia nyingi zina mizizi Unguja na Pemba. Ikifika mwisho wa wiki vijana hushuka Bidiya, ukingoni mwa mchanga wa Wahiba, kupandisha magari kwenye matuta. Mtoto wa ami, anayefanya kazi Sur, alikuwa anajenga bagi ya mchangani kwa injini ya Chevrolet LS3, ile V8 ya lita 6.2. Miezi mingi kabla alikuwa amenipigia simu: "We mhandisi, ninunue konrodi ya urefu gani?" Mimi, nikiwa nimetoka darasani juzi, nikamjibu bila kuuliza kitu: "Refu uwezavyo." Akanunua. Akiba yake yote ikaingia humo.

Basi tukakuta krenki mpya, konrodi mpya na pistoni mpya mezani. Fundi mmoja mzee, ambaye hajawahi kukaa darasa la chuo, akafunga pistoni moja tu, akazungusha krenki kwa mkono, kisha akaniita. "Mwanangu, njoo uone. Pistoni inachungulia." Kweli, ilikuwa imetokeza juu ya bloku karibu milimita mbili. Gasketi ya hedi ina unene wa milimita moja na ushei. Tungefunga na kuwasha, pistoni zingegonga hedi mara ya kwanza tu. Mtoto wa ami hakusema neno. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Haya, sasa tusome pamoja kosa lilikuwa wapi.

1. Urefu wa bloku haubadiliki

Krenki (vitabuni huitwa fitokombo) ndiyo inayoamua mwendo wa pistoni, yaani umbali kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Mafundi huuita stroki. Konrodi ndiyo inayounganisha krenki na pistoni. Kutoka katikati ya krenki hadi uso wa bloku kuna nafasi maalumu, na vitu vitatu lazima vienee humo: nusu ya stroki, urefu wa konrodi, na kimo cha pistoni kutoka katikati ya pini hadi kichwani.

Kwa LS3 nafasi hiyo ni milimita 234.7. Stroki ya kiwandani ni 92, kwa hiyo nusu yake ni 46. Konrodi ni 154.9. Jumlisha, utaona pistoni inabakiwa na karibu 34.

Mtoto wa ami alinunua krenki ya stroki 101.6. Nusu yake ni 50.8. Pistoni zilizotengenezwa kwa krenki hiyo na konrodi ya 155.6 zina kimo cha 28.3. Jumlisha: 234.7, sawasawa. Lakini yeye, kwa ushauri wangu, alichukua konrodi za 157.5. Jumla ikawa 236.6. Hizo 1.9 zilizozidi ndizo zilizokuwa zinachungulia.

2. Je, konrodi ndefu ina faida gani?

Vijana wengi (na mimi nilikuwemo) husema eti uwiano wa konrodi kwa stroki ndio siri ya injini. Ni kweli kwamba konrodi ndefu hulala kidogo zaidi, kwa hiyo pistoni haisukumwi sana ubavuni mwa silinda. Lakini tupime faida hiyo. Mchapuko wa pistoni ikiwa juu kabisa, ambao ndio unaovuta konrodi kutaka kuikata, hupatikana hivi: nusu ya stroki, mara kasi ya mzunguko kwa kipeo cha pili, mara moja kujumlisha (nusu ya stroki kugawa kwa urefu wa konrodi).

Kwa mizunguko 6,500 kwa dakika:
– stroki 92, konrodi 154.9: kama 27,600 m/s²
– stroki 101.6, konrodi 155.6: kama 31,200
– stroki 101.6, konrodi 157.5: kama 31,100

Umeona? Kubadili stroki kumeongeza mzigo kwa karibu asilimia 13. Kurefusha konrodi kumepunguza asilimia 0.3 tu. Kwa hayo nilimtia mwenzangu hasarani! Tena kiwanda chenyewe kinatusuta: LS7 ya Corvette Z06, iliyotoka mwaka 2006, ilikuwa na stroki hiyohiyo ya 101.6 na konrodi fupi zaidi, kama 154.1, na ikaruhusiwa kufika mizunguko 7,000. Kilichosaidia hapo ni wepesi na uimara: konrodi zake zilikuwa za titani.

3. Basi stroki tuichague vipi?

Anza na kazi. Mchangani unataka injini ivute tangu chini, na mvuto huletwa na ujazo. Nissan walifanya hivyo kwa Patrol zinazopendwa sana Ghuba: kutoka TB45 kwenda TB48 kipenyo cha silinda kilibaki 99.5, stroki ikatoka 96 hadi 102, na ujazo ukapanda kutoka kama sisi 4,480 hadi 4,760. Kwa LS3 yetu, ujazo unatoka 6,162 hadi kama 6,800.

Kisha weka mpaka wa mizunguko. Kasi ya wastani ya pistoni ni stroki mara mbili, mara mizunguko, kugawa kwa 60. Stroki 92 kwa mizunguko 6,500 ni mita 19.9 kwa sekunde. Stroki 101.6 inaifikia kasi hiyo kwenye 5,900 tu. Ujazo umeupata, lakini umeulipia kwa mizunguko.

Tatu, angalia mgandamizo. Ukiongeza stroki bila kuongeza nafasi ya kuunguzia, uwiano wa 10.7 unapanda hadi 11.7, na kwa petroli ya kawaida na joto la Oman hiyo ni kutafuta kugongagonga. Ndiyo maana pistoni za stroki ndefu mara nyingi huchimbwa kidogo kichwani.

Mwisho, zungusha kwa mkono. Hakikisha krenki na boliti za konrodi hazigusi bloku, na pistoni ikishuka haitoki sana chini ya silinda, kwani sasa inashuka karibu milimita 5 zaidi.

Tulifanyaje? Konrodi ndefu tuliziuza kwa hasara. Nusu ya hasara nililipa mimi, kwa pesa ya tiketi ya likizo hii. Tukanunua za 155.6, krenki ikaenda Nizwa kusawazishwa pamoja nazo, na mpaka tukauweka mizunguko 6,000. Hapo mzigo wa konrodi ni kama 26,600, chini ya ule wa injini ya asili kwenye 6,500. Bagi inapanda vizuri tu.

Kwa hiyo ndugu yangu, kazi kwanza, krenki ya pili, konrodi na pistoni zifuate kwa hesabu moja, tena kabla hujatoa pesa. Na ukiulizwa kwa simu, uliza nawe: bloku ina nafasi gani?