Saratani ya Damu Inavyotoboa Mifupa

Je, wajua kwamba mifupa yako hubomolewa na kujengwa upya kila siku? Kuna seli zinazokula mfupa uliochakaa, na nyingine zinazoziba pengo kwa mfupa mpya. Kwa mtu mwenye afya, kazi hizi mbili hulingana.

Mailoma, saratani ya damu inayowapata zaidi wazee, huvuruga usawa huo. Huanzia kwenye uboho, katika seli zinazotengeneza kingamwili. Seli hizo zikiharibika huzaana ovyo, huzichochea zile zinazobomoa mfupa na kuzizuia zinazojenga. Mfupa ukibomoka nao hutoa kemikali zinazoistawisha saratani yenyewe.

Matokeo yake ni matundu kwenye uti wa mgongo, mbavu, nyonga na fuvu. Kalsiamu hujaa katika damu, ikaleta kiu, kufunga choo na madhara ya figo.

Basi, maumivu ya mgongo yasiyokwisha, hasa yakiandamana na uchovu, usiyatulize kwa tembe za dukani tu. Baadhi yake, kama diklofenaki, huweza kuziumiza figo zaidi. Mwone daktari akupime damu na mkojo, na upigwe eksirei. Zipo dawa za kupunguza ubomoaji huo kabla mfupa haujavunjika.